Mita Mbili na Sentimita Kumi

Thunder Bay, 4 Juni 2023

Baba mpendwa,

Habari za huko ziwani? Goti linasemaje? Mbu wa mwezi huu najua hawajakuonea huruma, ila nakujua, utasema wao ndio wageni pekee wanaokuja bila kuomba chai. Sisi huku wazima. Watoto wanafunga shule wiki tatu zijazo na wameshaanza kuzihesabu siku kwa vidole. Simu haishiki huko, na hata ingeshika usingeisikia, kwa hiyo nimekaa niandike kama ulivyonifundisha: tarehe kwanza, maneno baadaye.

Jambo lenyewe ni ofisi. Baba, tumejaa. Uliponiachia kampuni tulikuwa wapima ardhi sita. Sasa tumepata kazi ya kupima njia ya umeme ya huko kaskazini, na tumefika kumi na watano. Yvette, mchoraji wetu, ameweka kompyuta juu ya kabati la mafaili na anachora amesimama. Garnet, kiongozi wa vikosi vinavyokwenda porini, anawapigia wateja simu akiwa ndani ya stoo ya mafagio. Juzi nilimfungulia mlango bila kujua, akanitolea macho.

"Bosi, piga hodi," akasema. "Hii ndiyo ofisi yangu."

Nimepata jengo la kupanga nje ya mji, kwenye barabara kuu. Ni jipya, na nafasi yake ni mara tatu ya hapa. Mwenyewe anataka jibu kabla ya tarehe 30 Septemba. Tukihama, hili letu itabidi tuliuze, maana hatuwezi kuyabeba yote mawili. Mlilinunua wewe na Mama, siwezi kuliuza bila neno lako. Na nikisema kweli, sitaki kuliuza. Lakini sitaki pia Garnet azeekee kwenye mafagio.

Nishauri.

Binti yako,
Kirsti


Ziwani, 12 Juni 2023

Kirsti mwanangu,

Barua yako niliikuta Ijumaa kwenye sanduku kule barabarani. Mimi mzima. Goti linapanda ngazi za sauna kwa kulalamika na kushuka kimya. Nimevua samaki wawili. Mmoja nimemla, mwingine nimemrudisha majini kwa sababu alinitazama vibaya. Wasalimie watoto, waambie mtumbwi nimeupaka rangi.

Kuhusu ofisi, usiwe na haraka ya kulipia nafasi ya mtu kabla hujajua yako inatumikaje. Watu wakisema wamejaa, mara nyingi maana yake ni kwamba kila kiti kina jina. Kama kina mtu, hilo ni swali jingine. Mwaka ule tulipopata kazi ya bandari, mimi na marehemu Vilho, mwenzangu katika biashara, tulitaka kupanga ghorofa ya jengo la mbele. Mama yako hakubishana. Alibandika karatasi kwenye kila meza, na kila saa alipita akatia nukta penye mtu. Baada ya wiki mbili alizileta zile karatasi wakati wa kahawa, akazipanga mbele yetu, akamimina kahawa bila kusema neno. Karatasi ya Vilho ilikuwa na nukta nne. Alinuna mpaka Krismasi, lakini ghorofa hatukuipanga.

Fanya hivyo. Hesabu watu. Kuta ziache, hazina jipya. Mchoro wa jengo niliutundika juu ya meza ya kahawa na kila kitu kimo.

Na hiyo meza ya kahawa usiiguse, hata aje mtaalamu gani na suti yake.

Baba yako


Thunder Bay, 2 Julai 2023

Baba mpendwa,

Natumai goti limepata akili. Sisi wazima, isipokuwa mdogo ameungua jua mgongoni kwa sababu hasikii la mtu, sijui karithi kwa nani.

Nimehesabu kwa njia ya Mama. Wiki mbili, meza tisa, kila saa nukta. Siku ya kwanza walinicheka. Siku ya pili Garnet alijitilia nukta kumi kwa mkupuo, ikabidi nimnyang'anye kalamu. Siku ya tano hakuna aliyecheka, maana kila mtu alikuwa ameanza kuichungulia karatasi ya mwenzake.

Ulisema kweli. Kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa, ukiondoa siku moja ya mvua, hatujawahi kufika watu sita mezani kwa wakati mmoja, kwa sababu vikosi viko porini. Meza ya Garnet, anayoikimbia kwa kelele kwenda stoo lakini anailinda kama shamba la urithi, ina nukta saba. Chumba cha makabati ya ramani kina mbili, na zote ni za Yvette aliyejificha humo kula keki. Tabu yetu ni Jumatatu asubuhi. Siku hiyo wote kumi na watano wanakuja kuchukua vyombo na maelekezo ya wiki, na ndipo tunapokanyagana. Na hata nikizichanganya hizo meza, zikawa za yeyote anayewahi, bado nahitaji nafasi ya meza mbili tatu hivi. Nimezipanga usiku na mchana kichwani, hazitoshi.

Sasa Baba, naona tabu kuandika hili linalofuata.

Jumatano mvua ilinyesha, vikosi vikarudi, na Garnet akakosa cha kufanya. Akachukua chombo kipya cha kupimia kwa mwanga wa leza akapima ofisi yetu ukuta hadi ukuta. Alipomaliza akaja na uso wa mtu aliyeona mzimu.

"Bosi," akasema, "sisi tunaibiwa au tumepungua?"

Upande wa jirani yetu Bi Assunta, pale dukani anaponolea viatu vya kutelezea barafuni, ukuta wetu umeingia ndani mita mbili na sentimita kumi. Sikuamini, nikapima mwenyewe. Kisha nikatoa kabatini ramani ya kiwanja iliyosajiliwa, ile ya mwaka 1989 yenye muhuri wako. Mpaka wetu uko ng'ambo ya ukuta. Lakini mchoro wako uliotundikwa juu ya meza ya kahawa unaonyesha mpaka upo ukutani hasa.

Tunawapimia watu mji mzima, na sisi wenyewe hatujajipimia hata siku moja. Nani angethubutu kupima tena kitu ulichokichora wewe, Urho Laitila?

Ulikosea? Ukiniambia ulikosea sitakudharau, wallahi. Ni eneo la kama mita kumi na saba za mraba. Ni meza nne na njia ya kupita. Ni kubaki hapa badala ya kuhama. Nikusubiri, au nizungumze na Bi Assunta?

Binti yako,
Kirsti


Thunder Bay, 25 Julai 2023

Baba,

Hujambo? Wiki tatu sasa hujanijibu, na wewe hujawahi kuchelewesha barua hata ya mtu wa kodi. Nimempigia yule mwenye duka la chambo huko kwenu. Kaniambia ulinunua mkate Jumamosi ukalalamikia bei. Kwa hiyo najua u hai, na najua umenuna.

Sijamwambia Bi Assunta lolote. Jana kaniletea glavu za hoki za mtoto, amezishona upya vidole vyote kumi, na kama kawaida nilipotoa pochi akanifukuza kwa mkono kama anafukuza kuku. Nilishindwa kumtazama.

Jambo moja tu. Leo wakati wa kahawa nilikaa chini ya mchoro wako nikautazama kwa mara ya kwanza kama mpimaji, siyo kama mtoto wako. Hauna muhuri. Kila karatasi iliyopita mkononi mwako ina muhuri, hata ramani ya kibanda cha mbwa uliyonichorea nikiwa na miaka saba. Huu hauna. Miaka yote tumekula mikate chini yake na hakuna aliyeona.

Niambie, Baba.

Kirsti


Ziwani, 31 Julai 2023

Kirsti mwanangu,

Mimi mzima. Beri za porini zimeiva mwaka huu kuliko mwaka jana, nimechuma ndoo mbili nikisubiri akili ije. Nimenuna, ndiyo, ila siyo juu yako.

Sikukosea. Nilidanganya.

Ilikuwa 1997, ulikuwa chuoni. Renzo, mume wa Assunta, alipata kiharusi. Nyumba yao ni ghorofani juu ya duka, unazijua zile ngazi. Hakuweza kuzipanda tena. Nyuma ya duka palikuwa na chumba, lakini kitanda cha mgonjwa hakikuenea, kilikataa kwa kama mita mbili. Assunta alikuwa anasema watamweka kwenye nyumba ya wagonjwa upande wa pili wa mji, na akifunga duka jioni atapanda basi kwenda kumlisha.

Mimi nilikuwa na hizo mita mbili. Upande ule tulikuwa tunaweka vigingi vibovu na maboksi ya Vilho. Lakini Renzo alikuwa mtu asiyepokea. Majira ya baridi yaliyotangulia nilimsombea theluji mlangoni, kesho yake akanisombea mimi na kipande cha barabara juu yake. Ningemwambia nakupa, angekufa kwenye ngazi kuliko kukubali. Na Vilho, hata kama jengo si lake, angetaka kodi ya kila inchi. Kwa hiyo nilimwambia Renzo kwamba ukuta ulijengwa vibaya, kwamba nimepima na zile mita mbili ni haki yake. Neno la mpima ardhi haliulizwi. Vilho alipokwenda kuwinda, ndugu za Renzo walikuja wakausogeza ukuta kwa siku mbili. Mama yako alichagua rangi. Vilho tulimwambia bomba lilipasuka.

Renzo alilala pale miaka mitano akiisikiliza mashine ya kunolea ya mkewe, na alifia pale.

Baadaye nikachora mchoro mpya nikautundika ili mtu asiulize. Muhuri niliutoa kwenye droo. Nikaurudisha. Nikautoa tena. Mkono ulikataa, mwanangu. Ramani iliyosajiliwa sikuigusa, hiyo ni ya kweli. Hicho cha ukutani ni kitu pekee cha uongo nilichochora maishani.

Kwa sheria nafasi ni yako na hakuna atakayekulaumu. Sitakuomba uiache. Ila ujue kwamba ukienda kwa Assunta na ramani mkononi, utakuwa unamwambia kwamba mumewe alilazwa kwenye sadaka miaka mitano bila kujua.

Sasa jambo la pili, na ndilo lililonichelewesha.

Umeniandikia meza tisa. Mimi niliacha kumi na moja. Wewe hujakosea kujumlisha tangu una miaka sita. Nimezitafuta zile mbili ziwani, msituni na ndani ya sauna, na nimezipata: yangu na ya mama yako, chumba cha mbele, kikubwa kuliko vyote, chenye dirisha la barabarani. Tangu tumzike sijakaa humo. Ukaenda kutafuta jengo barabara kuu, ukataka kuuza hili, ukaja mpaka kwenye kitanda cha Renzo, na hukuweza kuniomba chumba kisicho na nukta hata moja. Nilijiuliza nimekuwa baba wa namna gani mpaka mwanangu anaogopa kunihesabu. Halafu nikakumbuka nani alifunga mlango akaondoka na ufunguo.

Nimeubandika chini ya karatasi hii.

Baba yako


Thunder Bay, 20 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Ufunguo umefika salama. Yule wa posta aliipapasa bahasha akaniuliza kama umenitumia ndoano. Uzima upo, watoto wanakusalimu na wanataka kujua mtumbwi una rangi gani.

Nililia, sitakuficha. Nililia jikoni mbele ya watoto nikawaambia ni vitunguu, na hapakuwa na kitunguu. Uliona vizuri, niliruka chumba chenu kwa makusudi. Kila nilipokaribia ule mlango nilijiambia: nikikitoa, Baba atakuwa hana pa kurudi. Nilidhani nakutunzia mahali. Kumbe nilikuwa nakutunzia kufuli.

Tuliingia Jumamosi, wiki mbili zilizopita, mimi na Yvette na Garnet. Sweta ya Mama ilikuwa bado kwenye kiti. Nimeipeleka nyumbani, sikuifua. Kalenda yake ilikuwa Machi 2019. Garnet alikwenda kufungua dirisha, likakwama, akalitukana, tukacheka.

Sasa sikia tulivyofanya. Ramani zote za karatasi zilizozidi miaka kumi zimeshapigwa picha, na karatasi zenyewe zimeshuka chini kwenye chumba kikavu. Kwa hiyo chumba cha makabati sasa ni cha vyombo vya porini, na vikosi vinaingilia mlango wa nyuma bila kumkanyaga mtu. Hakuna meza yenye jina tena. Kila mtu ana droo yake yenye kufuli na anakaa palipo wazi. Garnet aliomboleza siku mbili, siku ya tatu akahamia dirishani kwenu na sasa anajifanya ndiye aliyebuni. Stoo tumeyarudishia mafagio. Jumatatu asubuhi, wale kumi na watano wote wanakaa kwenye meza ya kahawa, ramani ya wiki katikati, mkate wa iliki pembeni. Mtaalamu mmoja alikuja akasema meza ile inakula nafasi na inatumika dakika arobaini kwa siku. Nilimpa kahawa nikamsindikiza mlangoni. Mwenye jengo la barabara kuu nimemwambia hapana, asante.

Ukuta haujaguswa. Sikumwambia Bi Assunta. Ila yeye ndiye aliyeniambia mimi.

Aliona makabati yanatoka, akaja mbio na aproni yake.

"We Kirsti! Mnahama?"

"Hatuhami, Bi Assunta. Tunajibana tu."

"Mnajibana." Akatazama ukuta. "Mnataka mita zenu?"

 Nikamwuliza mita gani.

"Usinichezee, nimekufahamu ukivaa nepi. Baba yako siku ile alikuja mikono mitupu. Alisimama mlangoni, akautazama ukuta, akasema, 'Renzo, nimepima, hizi mita mbili ni zako.' Amepima na nini? Hata kamba hakushika! Renzo alimsubiri atoke, akaniambia, 'Assunta, huyu Mfinlandi ni mwongo mbovu, sijapata kuona.' Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa hajacheka tangu augue."

"Mbona hamkusema?"

"Tumwaibishe? Na vile alivyojitahidi?" Akajifuta macho na aproni, akakasirika kwamba nimemwona. "Wewe ulidhani viatu vyako nimevinoa bure miaka yote hii kwa uzuri wako?"

Nimeuteremsha mchoro wako, nimeuweka kwangu. Nimechora mwingine, nakala nakutumia humu. Mpaka nimeuweka ulipo kweli na ukuta nimeuweka ulipo kweli, na katikati yake nimeandika: "Kwa Bi Assunta Bortolin, kwa hiari yetu, muda wote atakaoutaka." Muhuri ni wangu. Ukague, kama ulivyokuwa unakagua zangu zamani, kwa kalamu nyekundu.

Binti yako akupendaye,
Kirsti


Ziwani, 1 Septemba 2023

Kirsti mwanangu,

Mimi mzima. Asubuhi sasa zina baridi, majani ya ng'ambo yameanza kugeuka. Mtumbwi ni mwekundu, waambie.

Mwongo mbovu. Miaka ishirini na sita nimebeba siri ile kama mzigo wa mawe, na watu wawili walikuwa wanaicheka upande wa pili wa ukuta. Nilicheka peke yangu hapa mpaka ndege wa ziwani wakaruka. Kisha nikamkumbuka Renzo.

Mchoro nimeukagua. Mistari ni safi, vipimo vinakubaliana, muhuri umekaa sawa. Mama yako angeutazama kimya, akakumiminia kahawa.

Nimepata kosa moja tu. Pembeni umeandika jumla ya meza kumi na moja. Nimehesabu mara tatu, naona kumi na mbili. Ni hiyo ndogo karibu na dirisha la mbele, uliyoiandika "Baba" kwa herufi ndogo ukitumaini miwani yangu imechoka. Umeiacha tena nje ya hesabu. Naona huu ugonjwa ni wa ukoo.

Ifute jina. Umewanyang'anya kumi na watano meza zao, huwezi kuniwekea mimi yangu, Garnet atagoma na atakuwa na haki. Jumatatu ya tarehe 11 nakuja mjini na beri ndoo moja. Nitakaa popote nitakapokuta wazi, kama wengine. Nikikosa, najua stoo ya mafagio haina mtu.

Saa nne nitakuwa kwenye kahawa. Mwambie Assunta aje. Nataka aniite mwongo ana kwa ana.

Baba yako